Panya wa darini na fukusi wa mahindi: yupi aanze kuzuiwa ghalani?

Mwanzilishi wa uzi, Kakamega

Habari zenu wanajukwaa. Msimu wa kuvuna mahindi unakaribia huku kwetu magharibi, na kama ilivyo kila mwaka, swali limeanza kuulizwa tena: kati ya panya na fukusi, yupi anayetumalizia chakula zaidi, na fedha kidogo tulizo nazo zitumike kumzuia yupi kwanza? Majibu mengi niliyoyasikia huwaweka wote wawili katika kapu moja la waharibifu wa ghalani, kisha hushauri dawa moja, jambo ambalo halisaidii. Ninaomba niwalinganishe jinsi ninavyowaelewa, na wenye uzoefu waongeze au wapinge.

Ninaposema panya nina maana ya panya wa darini, Rattus rattus, yule mwembamba mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, anayepanda ukuta na kamba bila shida. Simzungumzii fuko wala panya wa shambani. Na ninaposema fukusi nina maana ya fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, mdudu wa kahawia iliyokolea mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, ambaye ana mdomo mrefu uliochongoka na madoa manne mekundu hafifu mgongoni. Ukimgusa hukunja miguu na kujifanya amekufa, kisha ukigeuka anaendelea na safari yake.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mahali kila mmoja anapoishi. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake, huweka yai ndani ya kitundu hicho, kisha hukiziba kwa ute unaokauka, hata mtu akiitazama punje ile haoni dosari yoyote. Buu asiye na miguu huanguliwa humo, hula wanga wa punje, hugeuka bundo humo humo, na hutoka akiwa mdudu kamili kwa kutoboa tundu la mviringo. Maana yake ni kwamba matundu tunayoyaona tukisema mahindi yamebunguliwa ni milango ya kutokea, na siku tunapoyaona kwa mara ya kwanza kizazi kimoja kimekwisha kukamilika. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 300 na zaidi katika maisha yake, na maisha hayo huchukua miezi kadhaa.

Panya haishi ndani ya mahindi. Hulala darini, nyuma ya kabati, au ndani ya rundo la kuni, na huja ghalani usiku kula na kurudi. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 21 hadi 23, huzaa watoto watano hadi kumi hivi kwa mara moja, na watoto hao huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu au minne. Meno yake ya mbele hayakomi kukua, ndiyo maana hutafuna hata vitu asivyovila: mbao, nyaya za umeme, sabuni na magunia.

Tufanye hesabu ndogo. Panya mmoja mkubwa hula takriban gramu 15 za nafaka kwa siku, ambazo kwa mwaka ni kama kilo tano na nusu, yaani karibu gorogoro tatu. Panya kumi watakula kilo 55, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 90. Fukusi mmoja hawezi kufanya hivyo, lakini fukusi hahesabiwi mmoja mmoja. Katika joto la nyuzi 27 na unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa wiki tano, kwa hiyo mahindi yakikaa ghalani tangu mavuno hadi msimu unaofuata, vizazi vitano au sita vinaweza kupita, kila kimoja kikiwa kikubwa kuliko kilichotangulia. Anayefungua gunia mwezi wa pili tangu kuhifadhi huona wadudu wachache, lakini akifungua lingine la mavuno yale yale mwezi wa sita tangu kuhifadhi hukuta vumbi.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba fukusi hatoki ghalani pekee. Ana mabawa, huruka hadi shambani mahindi yakiwa bado kwenye mabua, na huingia hasa katika yale ambayo maganda yake hayakufunika ncha ya hindi vizuri. Mtu anaweza kufagia ghala, kulipaka chokaa na kuchoma magunia ya zamani, kisha akamkaribisha fukusi mwenyewe ndani ya mavuno mapya. Panya hawezi kubebwa ndani ya punje.

Hukumu yangu ni hii, na ninajua haitawapendeza wote. Huku kwetu, kwenye joto na mvua nyingi, fukusi ndiye anayekula zaidi, lakini panya ndiye anayestahili kuzuiwa kwanza, kwa sababu ulinzi bora tulio nao dhidi ya fukusi, yaani mfuko usiopitisha hewa, hauna thamani yoyote mahali ambapo panya anaweza kuufikia.

Mkulima wa Molo

Ndugu mwanzilishi, nimesoma kwa makini na ninakushukuru kwa maelezo ya punje, kwa maana sikujua kwamba tundu ni mlango wa kutokea. Hata hivyo, ninapinga sehemu inayosema kwamba fukusi ndiye mlaji mkubwa. Huku Molo na hata Mau Narok nimehifadhi mahindi kwa miaka mingi, na fukusi ninaowaona hawafikii hata robo ya wale ninaowaona nikimtembelea mkwe wangu Busia. Panya, kwa upande wake, hatambui baridi. Wakati wa Julai, nje kukiwa na ukungu mzito, wao huhamia jikoni na darini kwa wingi kuliko mwezi mwingine wowote. Kwa mtu wa huku juu, fedha zote ziende kwa panya.

Mwanzilishi wa uzi, Kakamega

Mkulima wa Molo, sioni kwamba tunapingana. Fukusi ni mdudu, na joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, ndiyo maana ukuaji wake hupungua kasi baridi inapozidi. Kazi anayoimaliza kwa wiki chache mahali penye joto kama Kisumu inaweza kumchukua zaidi ya siku mia moja mahali ambapo joto ni nyuzi 18 hivi, na chini kidogo ya hapo hazai kabisa. Panya ana damu ya joto, na baridi humwongezea njaa, kwa hiyo hutafuta nyumba yenye moto na chakula.

Kwa sababu hiyo, jibu la swali langu hubadilika kulingana na mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini karibu mita 1,850, na Molo juu zaidi. Mtu akishuka kutoka Molo hadi Ahero, karibu na Kisumu, akiwa na gunia lile lile, amewahamisha fukusi kutoka mahali wanapojikokota hadi mahali wanapostawi. Wanunuzi wanaoshusha mahindi ya mlimani kuja ziwani na kuyaweka stoo miezi mitatu wakidhani ni masafi hushangaa kwa sababu hii hasa.

Dada wa Ahero

Ninaomba kuuliza. Huku kwetu kuna mdudu tunayemwita Osama, ambaye huacha unga mwingi mweupe chini ya gunia na hutoboa hata mti wa ghala. Je, huyo ndiye fukusi unayemzungumzia, au ni mwingine? Muuzaji wa agroveti aliniambia ni kitu kimoja.

Mstaafu wa kilimo, Bungoma

Dada yangu, huyo ni mwingine kabisa, na muuzaji hakukusaidia. Osama ni dumuzi, Prostephanus truncatus, asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapa Kenya alionekana Taveta mwaka 1983, kabla ya kuenea katika maeneo mengine ya nchi. Hana mdomo mrefu wa fukusi. Kichwa chake kimeinama chini ya kifua, na ukimtazama kutoka juu hukioni. Nyuma yake ni kama amekatwa kwa kisu. Alizoea kutoboa miti tangu zamani, ndiyo maana hupenya mbao na hata plastiki. Hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi, ilhali fukusi hustawi vizuri hata katika mahindi yaliyopukuchuliwa.

Tofauti hii ina maana kwa fedha zako pia, kwa sababu dawa za unga za zamani zilizokuwa na kiambato kimoja zilimuua fukusi vizuri, lakini dumuzi alizistahimili. Ndiyo maana dawa za kupaka nafaka zilizokuja baadaye, kama vile Actellic Super, huwa na viambato viwili, kimoja kikimlenga fukusi na kingine dumuzi. Kipimo chake ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, kuchanganywa vizuri kwa koleo juu ya turubai, wala si kunyunyizwa juu juu ya gunia lililoshonwa kama wengine wanavyofanya.

Nikirudi kwenye mada ya mwanzilishi, ningependa kuongeza upande wa panya jambo ambalo vijana hawakulishuhudia. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, panya walifurika katika mashamba ya nafaka nchini na kuharibu ngano, shayiri na mahindi yakiwa bado shambani. Hao hawakuwa panya wa darini. Walikuwa panya wa mashambani, ambao jike mmoja wa aina ya Mastomys anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja na ana chuchu hadi 24 za kuwanyonyesha. Fukusi hafuriki kwa namna hiyo. Yeye huongezeka kila mwaka bila kelele, na kila mwaka mtu hudhani ni bahati yake mbaya peke yake. Panya wa darini naye ana kikomo chake: dari likijaa, wengine huhama. Kwa hiyo ninakubaliana na mwanzilishi juu ya utaratibu wa kazi, ila ningeweka kukausha mbele ya wote wawili.

Mwanzilishi wa uzi, Kakamega

Mzee wangu, hapo umenisahihisha kwa haki, na ninapaswa kulieleza kwa kirefu. Panya hajali kama mahindi ni makavu au mabichi. Fukusi anajali sana, kwa sababu punje ngumu iliyokauka humshinda kutaga, na mahindi yakishuka chini ya asilimia 10 ya unyevu uzazi wake karibu husimama. Tatizo ni kwamba hakuna mtu wa Kakamega au Vihiga anayefikia kiwango hicho kwa jua letu la vipindi. Hata kufikia asilimia 13.5, ambayo ndiyo Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao huidai kwenye maghala yake, ni kazi ya siku nyingi za kuanika na kuanua mvua ikinyesha saa tisa za alasiri.

Asiye na kipimo cha unyevu atumie chupa na chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa itiwe punje hadi theluthi moja pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, itikiswe kwa dakika chache, kisha iachwe itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yaani yamezidi asilimia 15. Isipogandamana, yanaweza kuhifadhiwa. Wengine huuma punje kwa meno wakasikiliza mlio, lakini nimeona njia hiyo ikiwadanganya hata wazee wenye meno kamili.

Muuguzi, Kisumu

Naomba mniruhusu niingie kwa upande wa afya, kwa sababu uzi huu umewapima wanyama hawa kwa kilo tu. Panya huharibu zaidi ya anachokula, kwa kuwa hukojoa anapopita, na mkojo wake unaweza kubeba vijidudu vya leptospira vinavyomletea binadamu homa, macho ya manjano na kuharibika kwa figo. Viroboto wake ndio walioleta tauni iliyosababisha soko la Wahindi mjini Nairobi kuchomwa moto mwaka 1902. Fukusi haambukizi ugonjwa wa namna hiyo, na mtu akimla katika githeri kwa bahati mbaya hatadhurika.

Lakini msimwachilie huru. Fukusi wakiwa wengi, pumzi yao huongeza joto na unyevu ndani ya gunia, na punje zilizotobolewa hufungua njia kwa ukungu wa Aspergillus flavus, unaotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua upande wa mashariki ya nchi, hasa Makueni na Kitui, kutokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Haiondoki kwa kupika. Punje iliyoota ukungu isisagwe, na isipewe kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Jambo la mwisho, na ninalisema kwa uchungu wa kazi yangu. Kuna watu wanaoweka tembe za aluminiamu fosfidi katika magunia yaliyo chumbani wanamolala watoto. Tembe hizo zikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayomuua fukusi na panya kwa pamoja, na binadamu vilevile. Gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tafadhali, hizo ni za maghala makubwa yenye wataalamu, si za nyumbani.

Fundi wa vihenge, Webuye

Nimejenga na kurekebisha vihenge upande wa Bungoma na Lugari, na ninaunga mkono kwamba panya ni adui wa fundi, na fukusi ni adui wa mwenye nyumba. Panya huzuiwa kwa ujenzi, kazi inayofanywa mara moja na kudumu miaka. Sakafu ya kihenge iinuliwe mita moja kutoka ardhini. Kila mguu uvishwe koni ya bati, mdomo wake mpana ukielekea chini, iliyobana mti kabisa ili asipite katikati. Kihenge kisikae karibu na ukuta, mti au lundo la kuni, kwa sababu panya wa darini huruka zaidi ya mita moja kwa mlalo, na koni zako zote zitakuwa pambo. Ngazi iondolewe kila jioni. Ngazi hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko kitu kingine chochote. Nimeitwa kuangalia vihenge vilivyojengwa vizuri kabisa nikakuta ngazi imeegemezwa hapo tangu mavuno.

Kwa wale wanaohifadhi ndani ya nyumba, tundu lolote linalozidi upana wa kidole chembamba lizibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa au wavu wa chuma. Tambara na mbao ni chakula cha meno yake.

Mkulima wa Molo

Ninashukuru. Nina swali juu ya sumu. Nimetumia chambo cha sumu, wakafa wachache siku za mwanzo, kisha waliobaki wakakataa kabisa kukigusa. Je, panya hujifunza?

Mstaafu wa kilimo, Bungoma

Hujifunza, ndugu yangu. Panya huogopa kitu chochote kipya njiani mwake, hula kidogo kwanza, na akijisikia vibaya baada ya saa chache hakirudii tena. Ndiyo sababu sumu zilizo bora ni zile zinazozuia damu kuganda, ambazo humuua baada ya siku kadhaa, wakati ambao hawezi tena kuhusisha kifo na chakula. Mtego nao uwekwe siku mbili tatu bila kutegwa, ukiwa na chambo, mpaka auzoee. Mizoga ifukiwe, kwa sababu paka au bundi akila panya mwenye sumu hiyo anaweza kufa, na utakuwa umemwondoa mlinzi wa usiku. Fukusi hajifunzi, lakini vizazi vyake vinavyofuatana upesi huweza kuzaa wadudu wanaostahimili dawa ile ile inayotumika kila mwaka.

Dada wa Ahero

Nimeamua kununua mifuko isiyopitisha hewa. Mwanzilishi, ulisema haina thamani panya akiifikia. Tafadhali eleza inavyofanya kazi, ili nijue ninalinda nini.

Mwanzilishi wa uzi, Kakamega

Dada, mfuko kama PICS, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa kazini huko Cameroon katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, una tabaka mbili za plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Ukishajazwa, hewa ikakamuliwa na kila tabaka likafungwa peke yake, fukusi waliomo huendelea kupumua mpaka oksijeni inapungua kiasi cha kuwafanya waache kula, waache kutaga, na hatimaye wakauke na kufa. Yaani wadudu wenyewe ndio wanaotengeneza mazingira yanayowaua, na mahindi hayaguswi na dawa. Mahindi yakiwa mabichi yataoza humo, kwa hiyo chupa na chumvi kwanza.

Sasa, panya akitoboa tundu moja dogo usiku, oksijeni hurudi. Fukusi walio hai huamka, mabuu waliokuwa wamesimama ndani ya punje huendelea kukua, na wewe huna habari kwa sababu umeambiwa usifungue mfuko mpaka siku ya kutumia. Panya mwenyewe huenda alikula gramu 15 tu na hakurudi. Ukija kufungua, utamlaumu aliyekuuzia.

Mifuko yako iweke juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi, na usiweke kitu chochote juu yake. Kila juma pitisha mkono pembeni na chini, ukitafuta kinyesi cha panya au punje zilizomwagika.

Dada wa Ahero

Na ile ambayo jirani yangu aliitumia mwaka jana, anayotaka kunipa bure?

Fundi wa vihenge, Webuye

Ipokee, mama, lakini ipime kwanza. Toa tabaka moja moja, lijaze hewa kwa kulipunga, sokota mdomo, kisha libane polepole kifuani huku ukilisikiliza na kulipitisha karibu na shavu. Tundu dogo utalihisi. Lizibe kwa gundi ya utepe pande zote mbili na ulipime tena. Ukikuta mahali palipotafunwa na kuacha kingo zenye alama za meno, tabaka hilo lifanye la kuanikia mboga, na ununue jipya.